Majivu Uliyoyajaza Nimeyamwaga

Mwanangu Sekela,

Salamu nitakupa mwenyewe mlangoni ukirudi kutoka kuwaaga wenzako wa kwaya, kwa hiyo hapa siziweki. Nakuandikia ingawa tunalala nyumba moja, kwa sababu wewe na mimi jambo hili hatuliwezi kwa mdomo. Jana tumejaribu, leo asubuhi tumejaribu tena, na Mama Zawadi amekuja mbio na mwiko mkononi akidhani tumeingiliwa na mwizi. Mdomo wako umeurithi kwangu, siwezi kuulaumu. Ila karatasi haikatizwi maneno. Nimeiweka juu ya begi lako. Isome kabla hujalala, na ukitaka kubisha, bisha nayo hiyo hiyo.

Mambo madogo ya safari sikuandikii. Hela uweke wapi, usilale fofofo kwenye basi, usile cha kupewa na usiyemjua: hayo yote mama mkubwa Roza amekuimbia kwenye simu mpaka vocha imemwishia. Mimi nina moja tu.

Jana nimerudi kutoka sokoni nikakuta kile chungu cha majivu, chungu cha bibi yangu, kimejazwa hadi shingoni. Nyasi umetandika chini vizuri, majivu umeyashindilia, maji yameshaanza kudondoka kwenye bakuli. Na wewe umekaa pembeni, mikono ya kijivu mpaka kwenye viwiko, kidevu juu. "Mama, nimejaza," ukaniambia. Ebo! Unapajua unapokanyaga, Sekela. Nimekusimulia tangu mdogo kwamba kwetu Isansa chungu hicho hakijazwi na kila mtu. Binti anayekijaza kwa mikono yake amesema anabaki na mwenye chungu, atampikia na kumuuguza mpaka amzike. Hakuna anayemlazimisha, na akishajaza hakuna anayemruhusu kuondoka. Umekijaza basi la Morogoro likiwa mlangoni, nauli imelipwa, chuo kimekupokea.

Sasa sikiliza. Habari ile nimekuwa nikikusimulia nusu, ile inayochekesha. Leo nakupa yote.

Jiko la bibi yangu, mama yake mama, lilikuwa kibanda cha peke yake nyuma ya nyumba, cheusi kwa moshi ndani, na ukiingia umevaa nguo ya kanisani unatoka unanuka mpaka Jumapili nyingine. Humo ndimo mboga yetu ilipikwa. Wageni walishangaa kwamba watu wenye shamba zuri la kahawa wanakula majani makavu, lakini wakishaonja walinyamaza. Majani machanga ya maharage yalichumwa wakati wa mvua, yakaanikwa kwenye ungo mpaka yakavunjika mkononi. Maharage yakishapigwa, maganda hayakutupwa. Bibi aliyachoma, akapata majivu meupe, laini, akayaweka kwenye kile chungu chenye matundu chini, akawa anamimina maji kidogo kidogo. Yalitoka yenye rangi ya chai ya rangi. Kiangazi, mboga mbichi ikiwa imekauka mlimani kote, majani yale yalichemshwa, yakatiwa maji ya majivu yalainike, kisha karanga zilizotwangwa. Basi. Hakuna kitunguu, hakuna nyanya, hakuna mafuta. Na ugali wa ulezi pembeni.

Nilimuuliza, "Bibi, maji ya majivu niweke kiasi gani?"

"Weka mpaka jani likubali."

"Nitajuaje limekubali?"

"Utaonja. Mdomo Mungu alikupa wa nini, wa kusengenya tu?"

Hivyo ndivyo alivyofundisha. Usitegemee kipimo kwake. Alichovya ncha ya kidole, akagusa ulimi, akatema. Maji yakiwa tayari yanateleza na kuuma kidogo. Ukizidisha, jani linakuwa uji na watu wanakimbilia chooni. Na sufuria haifunikwi, maana povu la mboga ile linapanda kwa fujo, ukifunika umezima moto wako mwenyewe. Mimi nimezima moto wa bibi mara nyingi tu. Alinicheka kila mara upya, hakuchoka.

Lakini mimi sikukulia pale. Nilikulia Vwawa kwa baba yangu, Isansa nilikwenda likizo, na mambo ya chungu sikuyajua kabisa. Kabla yangu kulikuwa na mama mdogo aliyekijaza, akakaa na bibi miaka, kisha akatoroka na muuza mitumba. Zilikuwa siku za ruksa zile, biashara zimefunguliwa, kila siku uso mgeni barabarani na furushi lake la nguo. Aibu ya mama mdogo ilikuwa kubwa hata jina lake halikutajwa mezani. Chungu kikabaki kitupu chini ya upenu, nacho kilijulikana ni kitupu.

Nimemaliza darasa la saba, nimekwenda kwa bibi kusubiri majibu. Ikawa siku ya kupiga maharage. Mama wakubwa wote wamekuja, na mabinti zao. Bibi akasema kwa sauti, bila kumtazama mtu, "Mboga ya leo itaiva na nini, na chungu chenyewe kikavu."

Jamani! Ungewaona binamu zangu. Wote waligeuka watu wa shughuli. Mmoja alichutama kuchambua maharage yaliyokwisha chambuliwa. Mwingine alishikwa na tumbo. Mwingine alimkumbuka mbuzi. Na mimi na kiherehere changu nikaona kazi nyepesi imekosa mtu, nikaruka: "Bibi, mimi naweza!" Nikatandika nyasi, nikajaza majivu, nikamimina na maji. Vigelegele vikapigwa mpaka majirani wakachungulia. Mama mkubwa Roza alinikumbatia akaniinua juu. Kumbe yeye alikuwa anashangilia mabinti zake kupona. Nilivimba kichwa, nikadhani wanasifia jinsi nilivyozipanga nyasi.

Aliyekuwa hapigi vigelegele ni mama yangu. Alikaa kizingitini anatazama miguu yake. Nilimwona, nikasema moyoni atakuwa amechoka. Hilo nakuomba ulishike: watu wakikushangilia, mtafute ambaye hashangilii, umuulize kuna nini. Na kazi nyepesi ambayo watu wazima wote wameiogopa, usiirukie kabla hujajua kwa nini wameiogopa. Mimi nimejifunza hayo kwa kutandika nyasi kwenye chungu.

Binamu yangu aliponieleza jioni, huku anajikaza asicheke, nilikimbia kwenda kuyamwaga. Bibi alikuwa ameketi pale pale chini ya upenu. "Hayamwagwi," akasema. Hakukaripia, hakunishika hata mkono. Nikakirudisha chungu chini.

Majina ya waliochaguliwa sekondari yalipobandikwa, langu lilikuwamo. Shule yetu nzima tulikuwa wa kuhesabika. Baba alikuja Isansa na baiskeli kunichukua, nikalikunja gauni langu kwenye mfuko. Akaingia kwa bibi, wakaongea, mama wakubwa wakaitwa. Alipotoka hakunitazama. "Mwanangu, umeshajaza chungu," akasema, akapanda baiskeli yake. Nilimwona mpaka kwenye kona ya kahawa. Nililia, sikufichi, nililia mpaka nikatapika.

Lakini usije ukadhani bibi alikuwa mtu mbaya, wala kwamba niliishi jela. Hapo ndipo penye mtego. Ilikuwa raha! Bibi alikuwa mcheshi kuliko binadamu wote niliowajua. Wanunuzi binafsi wa kahawa walipoanza kuja na magari yao na maneno ya kulainisha watu, yeye aliwakaribisha mboga ya majivu kwanza, akikaa kuwatazama wakitafuna. Aliyekula akamaliza ndiye alimwuzia. Aliyeacha nusu alimwambia kahawa yetu haijakauka, rudi mwakani. Nilicheka nikiwa naye mpaka mbavu ziliniuma. Na kila aliyefika alisema, "Huyu binti asingekuwapo, mama angekuwa wa nani?" Mwanangu, kuhitajika ni kutamu. Nakwambia ukweli wa Mungu, ni kutamu kuliko asali. Unaamka kila asubuhi unajua bila wewe nyumba haisimami. Huulizi tena kitu kingine. Ndiyo maana jana nilipokuona na mikono ile nilikujua. Uso ule ninao mimi.

Bibi akafa, nikawa huru na chungu changu. Nikaolewa na marehemu baba yako, Mndali wa Ileje, utingo wa lori, akanileta Tunduma. Chungu nilikipakata njia nzima, na dereva alinidhihaki kwamba nimeolewa na vyungu viwili, kimoja kinakoroma. Tukapanga chumba, nikafungua kibanda hapa kwenye foleni ya malori, nikajiona mpishi. Sikujua kitu.

Tunduma sikuwa na maganda ya maharage. Nilikuwa na jiko la mkaa, na majivu ya mkaa ninayo tele, nikasema jivu ni jivu. Thubutu! Yalikuwa machungu, yana mchanga, na rangi ikanidanganya macho kwa sababu nilikuwa na haraka. Sikuonja. Mimi, mjukuu wa bibi yule, sikuonja. Dereva wa Zambia alichukua tonge moja, akalitoa mdomoni akaliweka mezani. "Mayo, ici cinshi?" akaniuliza, yaani mama, hiki ni nini, na hakuuliza kwa ubaya, alitaka kujua kweli. Kibanda kizima kilicheka. Nilitaka kufunga biashara siku ile ile nirudi Isansa.

Nilikaa na aibu yangu, kisha nikaagiza maganda kutoka nyumbani. Kondakta aliyaleta kwenye gunia akinitukana: "Mama, na wewe unasafirisha takataka?" Nikamlipa kwa sahani ya mboga. Baada ya hapo hakutukana tena. Yule dereva naye alirudi, akala, akaniambia kwao wanaita ifisashi, na mama yake hutia majivu vile vile. Akawaleta wenzake. Foleni ilipokuwa inakaa siku na siku, wao walikuwa wanakula kwangu. Sare zako za shule zimetoka humo, Sekela, na viatu, na ile kompasi uliyoipoteza tukanunua nyingine. Kwa hiyo sitasema mboga ile imeniharibia maisha, nitakuwa mwongo na Mungu ananiona. Imenipa wewe.

Najua hoja yako. Umenipigia kelele tangu jana: mama, miguu inavimba. Inavimba, ndiyo. Umesema nikianguka na sufuria ya moto nani ataniokota. Umesema wewe ukiondoka kibanda kinakufa na mboga ya bibi inakufa nacho. Hapo ndipo ulipokosea, na ni kosa langu pia kwa jinsi nilivyokulea ukidhani kitu kizuri lazima kifungiwe mtu.

Ndiyo maana leo, ulipotoka kwenda kuaga, nimekichukua chungu nikaenda nacho kwenye mtaro. Majivu uliyoyajaza nimeyamwaga. Yote, na nyasi zake. Nilimsikia bibi masikioni, lakini nimeyamwaga na mbingu hazijaanguka.

Kisha nikamwita Mama Zawadi. Unamcheka yule mama kwa sababu ni Msukuma wa Msangano, watu wa ng'ombe, na kila kitu anataka kukitia maziwa. Alikuja kwetu kuuza karanga, akabaki kunisaidia kuosha vyombo, na tangu siku ya kwanza nimeona jambo ambalo wewe hujaliona: huyo mama anaonja. Hapitishi kitu bila kuonja. Nikamwambia, "Jaza." Alikuwa ameshasikia habari zetu, akarudi nyuma. "Dada, mimi nina mume, nina watoto, jioni narudi kwangu," akasema. Nikamwambia rudi jioni kila siku, na siku ukichoka nifundishie mwingine, uondoke kwa amani. Akacheka, akatandika nyasi. Vibaya, nikamrekebisha.

Nikampigia mama mkubwa Roza mwenyewe, nisisubiri asikie kwa watu. Simu niliishika mbali na sikio. "Chungu cha mama yetu! Kwa Msukuma! Moto umezaa jivu kweli!" Nikamwambia mama mkubwa, jivu ndilo linalolainisha mboga, na nikamkumbusha kwa heshima kwamba mabinti zake walikuwepo siku ile na mmoja alimkimbilia mbuzi. Amekata simu. Atakuja hapa wiki ijayo na kanga kiunoni, najua. Na aje. Nitampikia.

Limebaki jambo moja, na hili hata baba yako sikumwambia.

Bibi alipokuwa kitandani mwishoni, kipindi kile cha baridi, nilimpelekea mboga kwenye bakuli nikawa namlisha. Akausukuma mkono wangu. Akanitazama, macho yake yakiwa mazima kabisa, akaniuliza, "Hivi wewe, ulitaka kuwa nani?"

Miaka yote ile alikuwa hajaniuliza. Hakuna aliyekuwa ameniuliza. Nikafungua mdomo nimjibu, Sekela, na hakikutoka kitu. Nilitafuta. Najua kilikuwepo, maana msichana aliyekunja gauni lake kwenye mfuko alikuwa anakwenda mahali kwa sababu fulani, alikuwa anakitaka kitu. Nilikuwa nimekisahau. Nikabaki nimeshika kijiko.

Bibi akaliona hilo. "Kumbe nimekula mtu," akasema. Akageukia ukutani. Nilimwapia kwamba nimeishi naye kwa furaha, na ilikuwa kweli. Mboga ile hakuionja tena.

Wewe hilo swali sikuulizi, kwa sababu jibu unalo na mtaa mzima unalijua. Tangu mdogo unapima uwanja kwa kamba ya kufungia mizigo. Umegombanisha majirani wawili juu ya mpaka wa choo, na aibu ya Mungu, ulikuwa sahihi. Unataka kupima ardhi. Watu wanakucheka kwamba utapima ya wenzako wakati yako huna, waache wacheke. Lakini jibu kama hilo likikaa jikoni muda mrefu linayeyuka, na halitoi harufu ukalistukia. Hutasikia likiondoka. Siku moja mtu atakuuliza, nawe utakuwa umeshika kijiko. Mimi mtu simli. Hata wewe ukijileta mwenyewe kwenye sahani, sikuli.

Na sasa ukweli ambao umenichelewesha kuandika. Jana nilipoingia nikakuona na mikono ya kijivu, kabla sijapiga kelele, nilifurahi. Nilisema moyoni, Mungu mkubwa, mwanangu anabaki. Kelele zote zile nilikuwa nazipigia furaha yangu mwenyewe, si wewe. Nataka ubaki, Sekela. Naandika hivi na bado nataka, na kesho nitataka zaidi. Usije ukaondoka ukidhani mama yako ana moyo wa jiwe.

Kwa hiyo stendi sitakuja. Nikikuona dirishani mwa basi nitakuita ushuke, na wewe utashuka, tunajuana. Nimempa Mama Zawadi ufunguo wa chumba changu, anifungie kwa nje alfajiri kabla hujaamka, na nimemwapisha asifungue mpaka basi liwe limepita Vwawa. Yeye ndiye atakayekusindikiza stendi. Tuagane leo, ukimaliza kusoma, mlangoni kwangu, tukumbatiane vizuri tumalize.

Kesho ukipita kwenye mlango wangu unaweza kusikia nagonga. Naweza kukuita kwa jina, naweza kusema miguu imenizidi, naweza hata kusema naumwa sana. Usifungue. Beba begi lako uende.

Mama yako